Mbwa anachechemea asubuhi, paka ameacha kuruka: meloksikamu kiasi gani?

Mlinzi_Usa

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaojua dawa za wanyama. Chupa ziko mezani na sijachoma kitu.

Mbwa ni German Shepherd dume, miaka 9, kilo 40 kwa kukadiria. Huu ni mwezi wa nne miguu ya nyuma ni mizito. Akitoka kulala anainua mbele kwanza, nyuma anaivuta. Anachechemea hatua ishirini au thelathini, kisha anafunguka na kutembea vizuri. Akilala tena saa mbili, yanaanza upya. Baridi ya mwezi wa saba huku Usa River ndiyo inammaliza. Analala banda la sakafu ya saruji. Chakula ni ugali wa dona kwa dagaa au mapupu, sufuria asubuhi na sufuria jioni.

Paka ni jike wa miaka 12, kilo 4 na kitu. Huyu hachechemei. Ila ameacha kupanda dirishani, manyoya ya kiunoni yameshikana, na anakojoa pembeni ya beseni la mchanga badala ya ndani.

Duka la dawa za mifugo wamenipa meloksikamu (dawa ya maumivu na uvimbe) ya sindano, chupa ya mililita 50 iliyoandikwa 20 mg/ml, pamoja na deksamethasoni. Maelekezo: mbwa mililita 2 za kila moja, paka nusu nusu, siku tano. Jirani anasema hizo ni gharama za bure, baridi yabisi ni baridi yabisi, nimpe mbwa Panadol mbili na paka nusu kidonge.

Nani yuko sahihi? Na kama ni dawa, ni kiasi gani?

DktKwato

Mkuu Mlinzi, wote wawili wamekosea. Weka sindano chini tupige hesabu.

Chupa hiyo ni ya ng'ombe. Ng'ombe hupewa miligramu 0.5 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo ng'ombe wa kilo 400 anachukua mililita 10. Ndiyo maana dawa imekolezwa hivyo. Mbwa ni hesabu nyingine kabisa: miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, halafu 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku. Mbwa wa kilo 40 anahitaji miligramu 8 siku ya kwanza na 4 kila siku zinazofuata. Mililita 2 za chupa yako ni miligramu 40. Yaani mara tano ya dozi ya kuanzia na mara kumi ya dozi ya kuendelea, siku tano mfululizo.

Kwa paka ndiyo balaa. Dozi ya paka ya kila siku ni 0.05 kwa kilo. Paka wa kilo 4.2 anahitaji miligramu 0.21. Nusu mililita ya chupa hiyo ina miligramu 10, karibu mara 48. Na usiseme basi nitapunguza: miligramu 0.21 kutoka chupa ya 20 mg/ml ni mililita 0.01, yaani mstari mmoja mdogo kabisa kwenye sirinji ya mililita 1. Dawa inayobaki kwenye shingo ya sirinji peke yake inazidi hapo. Haipimiki.

Kwa nini dozi ikizidi inaua? Dawa za kundi hili hukata maumivu kwa kuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe. Shida ni kwamba prostaglandini hizohizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na kuweka mkondo wa damu kwenye figo pale mnyama anapoishiwa maji. Ukizizima zote, tumbo linapata vidonda na figo zinakauka.

Deksamethasoni ni steroidi, nayo inapunguza ulinzi huohuo kwa njia nyingine. Ukizichoma pamoja, tumbo au utumbo unaweza kutoboka, na mbwa aliyetoboka tumbo haponi kwa dawa za kumeza. Steroidi na meloksikamu hazichanganywi hata kwa siku moja. Mnyama akishapewa moja, acha siku 7 kabla ya kuanza nyingine, na zaidi ya hapo kama steroidi ilikuwa ile ya kukaa mwilini muda mrefu. Dukani hupenda kutoa deksa kwa sababu mbwa anaamka kesho yake anakimbia na mteja anasifu. Anakimbilia nini, na kwa gegedu gani, ni habari ya mwezi ujao.

Panadol sasa. Kwa paka, sahau. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachosafisha parasetamoli, kwa hiyo dawa inageuka sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu. Madhara yameonekana hata kwa miligramu 10 kwa kilo, na nusu kidonge cha 500 kwa paka wako ni karibu 60 kwa kilo. Dalili huanza ndani ya saa chache: ufizi unakuwa wa kahawia au wa bluu, uso na nyayo zinavimba, pumzi inakuwa ya shida. Ikiwa mtu tayari amempa, usisubiri dalili. Apelekwe saa hiyohiyo, na daktari atahitaji asetilisisteini (dawa ya kuzima sumu hiyo), miligramu 140 kwa kilo kuanzia, kisha 70 kila baada ya saa 6. Hospitali za watu huwa nayo, ukikosa kwa daktari wa mifugo ulizia huko.

Mbwa huvumilia parasetamoli kidogo kwa usimamizi, lakini haitulizi uvimbe wa kiungo, na vidonge viwili kwake ni dozi ya juu. Brufen na diklofenaki msimpe kabisa. Zinatoboa tumbo la mbwa kwa kiasi ambacho kwa mtu ni cha kawaida.

Njia ya kawaida ni hii. Kwanza damu: kreatinini (kipimo cha figo) na vimeng'enya vya ini, pamoja na mkojo. Vikiwa sawa, meloksikamu ya kunywa ya mbwa, 1.5 mg/ml. Chupa itikiswe kwanza kwa sababu dawa hutuama chini, na mbwa ale kabla. Ikikosekana, daktari anaweza kuandika kidonge cha watu cha 7.5 mg: nusu yake ni miligramu 3.75, inamfaa mbwa wa kilo 37 au 38. Kimoja kizima ni dozi ya siku ya kwanza tu. Karprofeni, dawa nyingine ya kundi hilohilo, nayo ni nzuri, miligramu 4.4 kwa kilo kwa siku, unaweza kuigawa asubuhi na jioni. Chagua moja. Siku atakayokataa kula, kutapika, kuharisha, au kinyesi kikawa cheusi kama lami, acha dawa siku hiyo na umpigie daktari. Wengi hufanya kinyume, wanaona mbwa amezubaa wanaongeza dozi wakidhani maumivu yamezidi.

Kupe_Noma

Nakubaliana na Dkt, ila hapo mmeshatoa hukumu kabla ya kesi. Nani amesema ni viungo? Kwa hii mbegu ya mbwa, miguu ya nyuma mizito ina majibu matatu au manne tofauti.

Mkuu, fanya hili leo. Msimamishe mbwa kwenye sakafu isiyoteleza, mtu mwingine amshike kifua na kumbeba uzito kidogo. Shika mguu mmoja wa nyuma, ukunje unyayo ili sehemu ya juu ya vidole ndiyo iguse chini, kisha achia. Mbwa mwenye neva nzima anaugeuza papo hapo. Akiuacha umekunjwa sekunde mbili tatu, tatizo liko kwenye uti wa mgongo, na meloksikamu haitagusa kitu. Tazama pia kucha za nyuma, zile mbili za katikati. Zikiwa zimesagika kwa juu au zina damu, anaburuza. German Shepherd wa miaka 8 kwenda juu hupata ugonjwa wa uti wa mgongo usio na maumivu: anaburuza, anayumba kiuno, anakunja vidole, lakini ukimbonyeza nyonga halalamiki. Na tofauti na viungo, huyu hafunguki baada ya hatua thelathini. Anachoka zaidi kadiri anavyotembea.

Mtazame akikaa. Akikaa mguu mmoja umetupwa pembeni, na goti lake kwa ndani ni nene kuliko la pili, ukano wa goti umekatika au unakatika. Mbwa mkubwa mwenye goti hilo anahitaji upasuaji. Dawa zitamtuliza tu huku goti linaharibika.

Halafu kupe. Homa ya kupe hutia uvimbe viungo vingi kwa pamoja. Leo mguu huu, keshokutwa ule, ana joto zaidi ya 39.2, ufizi umepauka, pengine pua imetoa damu. Hiyo inatibiwa kwa antibiotiki ya doksisaikilini, miligramu 10 kwa kilo kwa siku, siku 28, baada ya kipimo cha damu kinachoonyesha chembe sahani (zinazogandisha damu) zimeshuka. Huku kwetu mbwa wa ulinzi wanaishi na kupe. Kuanza dawa ya maumivu bila kupima hilo ni kuvizia nje ya shimo lisilo na mnyama. Isitoshe, chembe sahani zikiwa chini na wewe ukampa dawa inayotoboa tumbo, atavuja damu.

La mwisho: uvimbe mgumu juu ya mfupa karibu na goti, au kwenye mguu wa mbele karibu na kifundo au bega, kwa mbwa mkubwa na mzee, piga eksirei haraka. Inaweza kuwa saratani ya mfupa.

Binti_wa_Pangani

Naongelea paka, maana kwenye hizi mada huwa anasahaulika.

Paka wa miaka 12 asiyechechemea si paka mzima. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulipiga eksirei paka 100 waliozidi miaka 12, na 90 kati yao walikuwa na mabadiliko ya viungo. Mbwa huumia upande mmoja zaidi ndiyo akachechemea. Paka mara nyingi huumia pande zote mbili, viwiko vyote au nyonga zote, basi hana mguu wa kuuonea. Anapunguza tu anachofanya. Jiulizeni mambo sita: anaruka juu? anashuka kwa kuruka au anateleza na kuchuruzika ukutani? anapanda ngazi? anashuka ngazi? anakimbia? anafukuza kitu kinachosogea? Jibu la "amezeeka tu" kwa mawili kati ya hayo linatosha kumpeleka.

Manyoya ya kiunoni kushikana ni kwa sababu hawezi kujipinda kulamba huko. Tazama na kucha: paka mzee hazisugui tena, zinakua nene na kujikunja hadi kuingia nyamani.

Mkojo pembeni ya beseni usiulaumu haraka. Pima ukingo. Beseni la kawaida la plastiki lina sentimita 15 kwenda juu, naye anatakiwa kunyanyua nyonga zenye maumivu kuingia. Kata upande mmoja ubaki sentimita 5, lainisha kingo kwa moto au msasa, tia mchanga laini kina cha sentimita 3 hadi 4. Kina kikizidi miguu inazama, anaumia kujitoa. Kwanza lakini mkojo upimwe, kwa sababu figo na kisukari navyo huleta mkojo mwingi, na jibu la figo ndilo linaamua kama meloksikamu itatumika.

Dawa ya paka ni meloksikamu ya kunywa yenye 0.5 mg/ml. Kilo 4.2 ni mililita 0.84 siku ya kwanza, kisha 0.42 kila siku, juu ya chakula. Akishatulia kwa wiki mbili tatu, daktari hushusha hadi dozi ndogo kabisa inayomtosha. Msichukue chupa ya mbwa mkamgawia: mililita ileile kutoka chupa ya 1.5 ni mara tatu ya dozi. Na mjue kwamba nchi hazikubaliani. Ulaya dozi hii ya kila siku imesajiliwa kwa paka. Marekani lebo ina onyo kali kwamba kumrudishia paka dozi kumeleta figo kufa, na huko imeruhusiwa sindano moja tu. Kwa hiyo mwenye paka anayeianza bila kipimo cha figo anacheza.

Siku asiyokula, hapewi. Siku anayotapika, hapewi. Maji yawe bakuli mbili tatu sehemu tofauti, na chakula kiwe na majimaji.

Dada na kaka mnaojichua, hili nalo lenu. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya paka kufa kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikuwa anajipaka dawa ya kuchua yenye flurbiprofeni, dawa ya maumivu ya watu. Paka hakupakwa, alikuwa karibu na mtu aliyepakwa. Zile za kunukia za kuchulia mgongo nazo nyingi zina salisilati (jamii ya aspirini), ambayo mwili wa paka huitoa polepole mno. Ukijichua, funika kwa nguo, nawa mikono, na asilale kwenye kanga uliyojifutia.

Ugali_na_Mizani

Dawa mmezimaliza. Mimi nauliza: huyo mbwa ana mbavu?

Weka viganja kwenye mbavu bila kubonyeza. Ukizihisi kama unavyohisi vifundo vya nyuma ya mkono wako uliofunguka, sawa. Ikiwa inabidi ubonyeze, ni mnene, na hakuna chupa itakayomsaidia akiendelea kubeba kilo za ziada kwenye nyonga hizo. Mbwa wenye uzito uliozidi na ugonjwa wa viungo wameonekana kupunguza kuchechemea wakishapoteza asilimia 6 tu ya uzito. Na kuna ule utafiti wa Labrador 48: nusu walilishwa robo pungufu ya wenzao maisha yao yote. Viungo vyao viliharibika kwa kuchelewa, na waliishi karibu miaka 2 zaidi.

Sufuria mbili si kipimo. Pima unga ukiwa mkavu: gramu 100 za dona ni kilokalori 360 hivi. Sufuria zako mbili zikibeba nusu kilo ya unga, hizo ni 1,800 kabla hujatia dagaa. Chukua uzito unaoutaka, tuseme 32. Mahitaji yake akiwa katika kupungua ni kama kilokalori 940 kwa siku. Yanagawanyika hivi: unga gramu 100 (360), mapupu yaliyochemshwa gramu 250 (300), dagaa wakavu gramu 50 (150), mchicha au boga gramu 200 (40), na mafuta ya samaki vidonge 10 (90). Usiweke mafuta ya kupikia: kijiko kimoja kikubwa ni 120, nayo hayamjazi tumbo. Usiweke vitunguu vya aina yoyote. Dagaa wasiwe wa chumvi. Huu ni mlo wa miezi michache ya kupungua. Ukitaka uwe wa kudumu tia mchanganyiko wa vitamini na madini wa mbwa.

Mapupu yakatwe vipande na kuchemka dakika 40. Yakiwa na vifuko vya maji ndani, hayo ni mabuu ya minyoo tegu ambayo mbwa huikuza na kuirudisha kwa watoto wa nyumba. Wachinjaji huyagawa bure, na sababu mojawapo ni hiyo.

Kwa nini vidonge 10? Kidonge cha mafuta ya samaki cha miligramu 1,000 kwa kawaida kina 300 tu za ile omega-3 inayofanya kazi, EPA na DHA ukizijumlisha nyuma ya chupa. Lengo ni kama 100 kwa kila kilo. Mtu anayempa mbwa wa kilo 32 kidonge kimoja anampa harufu ya samaki. Anza na 2, ongeza 2 kila wiki, vinginevyo ataharisha. Matokeo yasubiriwe wiki 6 hadi 12. Usichanganye na mafuta ya ini la samaki, yale yana vitamini A na D, na kwa wingi huu yanamtia sumu.

Apungue asilimia 1 hadi 2 kwa wiki. Paka taratibu zaidi, nusu hadi moja, kwa sababu paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula ini linajaa mafuta na hilo ni tatizo kubwa kuliko viungo.

Banda: saruji baridi ivunjwe. Chaga za mbao zilizoinuka sentimita 10, juu yake godoro la sponji la sentimita 10 ndani ya kiroba cha plastiki, juu yake gunia la kufuliwa. Sponji nyembamba inalala chini ya mbwa wa kilo 40, kiwiko kinagusa mbao, kazi bure. Ndani ya nyumba kama kuna marumaru, tandika mikeka ya mpira njia nzima kutoka anapolala hadi mlangoni. Vipande vipande havisaidii, anafika mwisho wa mkeka anateleza na nyonga inapanuka. Kata kucha, punguza manyoya kati ya vidole.

Matembezi: dakika 10 hadi 15, mara tatu, kwa kamba, ardhi ngumu na tambarare. Si dakika 45 za Jumapili. Kurusha mpira kukome. Kugeuka kwa kasi na kukita breki ndiko kunakochoma kiungo.

Mlinzi_Usa

Shukrani sana wakuu. Majibu haya hapa.

Mbwa amepimwa ni kilo 38.4. Nimekunja nyayo zote mbili, anazigeuza mara moja. Kucha hazijasagika. Anakaa sawasawa, magoti yanalingana. Joto 38.6, chembe sahani ziko kawaida, kreatinini na ini sawa. Eksirei: nyonga zote mbili, kichwa cha mfupa kimekuwa bapa, kingo zimeota vijimfupa, upande wa kulia zaidi. Mbavu nimezitafuta kwa kubonyeza.

Paka kilo 4.2, figo na mkojo safi, daktari amemkunja viwiko na nyonga, akamkwaruza.

Daktari amependekeza kidonge cha 7.5 nusu kwa mbwa, na akataja gabapentini (dawa ya maumivu ya neva) baadaye. Dukani nao wanauza glukosamini ya watu (kirutubisho cha viungo), na nimesikia kuna sindano ya mwezi. Hivyo vipi?

DktKwato

Hiyo ni kesi iliyopimwa. Kidonge kimoja leo baada ya kula, nusu kuanzia kesho, jumla ya wiki 2 hadi 4 ndipo tuhukumu. Andika daftarini mambo matatu na uyape alama 0 hadi 4 kila Jumapili: kuinuka asubuhi, hatua ngapi kabla hajafunguka, kupanda kwenye gari. Bila kuandika, kila mtu nyumbani atakuwa na jibu lake. Rekodi na simu kwa pembeni akitembea, sehemu ileile, saa ileile. Damu irudiwe baada ya wiki 2 hadi 4, kisha kila miezi 6.

Gabapentini inaingia pale meloksikamu inaposaidia lakini haitoshi. Kwa uzito wake kidonge cha 300, mara mbili au tatu kwa siku, ni kama miligramu 8 kwa kilo. Siku za mwanzo atalewalewa kiuno, kwa hiyo anza na cha usiku. Isikatishwe ghafla, ipunguzwe polepole. Usinunue ile ya maji ya watu: baadhi zimetiwa sukari ya zailitoli, nayo huangusha sukari ya damu ya mbwa na kuua ini.

Tramadoli, dawa kali ya maumivu ya watu, wengi huikimbilia, lakini kwa viungo vya mbwa ilipopimwa haikuonyesha kazi.

Sindano ya mwezi ni kingamwili inayozuia kemikali ya neva inayobeba maumivu. Ya mbwa inaitwa Librela, ya paka Solensia, hazibadilishani. Faida yake ni kwamba haipiti kwenye figo wala tumbo, ndiyo maana kwa paka mwenye figo dhaifu inazungumzwa sana. Solensia iliidhinishwa Marekani Januari 2022, Librela Mei 2023. Desemba 2024 mamlaka ya huko iliwaandikia madaktari kuhusu taarifa za mbwa waliopata kuyumba, degedege na kukojoa ovyo baada ya Librela. Hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo ukiipata, uliza imesafirishwaje kabla hujalipa.

Ugali_na_Mizani

Glukosamini: hela hiyo nunua sponji.

Binti_wa_Pangani

Haidhuru, mwenye nazo anunue, ila ushahidi wake ni mwembamba na wengi wanaiweka mahali pa dawa. Kwa paka nyingi za watu zina ladha na chumvi asizozihitaji.

Kaka Mlinzi, paka usimfungue mdomo kila siku kwa nguvu, atakuchukia na atakimbia chakula pia. Vuta mililita 0.42 kwa sirinji ya 1 isiyo na sindano, itoe juu ya kijiko kimoja cha supu ya samaki isiyo na chumvi, ale mbele yako kabla ya chakula kingine. Na dirishani muwekee ngazi mbili: sanduku la sentimita 20, kisha la 40, yajazwe kitu kizito yasitikisike. Likitikisika mara moja tu halipandi tena.

Mlinzi_Usa

Nimeelewa dada. Na ile chupa ya 20 mg/ml?

DktKwato

Kama muhuri haujatobolewa, irudishe. Kama umetobolewa, andika tarehe ya leo juu yake kwa kalamu isiyofutika, kwa kawaida hutumika ndani ya siku 28, na mpe mwenye ng'ombe: mililita 2.5 kwa kila kilo 100. Asome lebo siku za kumwaga maziwa. Isikae kwenye kabati moja na dawa za hawa wawili.